Erlang, Mwalimu wa Shule Aliyepiga Hesabu za Foleni

Wanachuo wenzangu, kila mfumo wa kusajili masomo unapozidiwa utasikia mabishano yale yale. Mmoja anasema seva hazitoshi, ziongezwe. Mwingine anasema seva zipo za kutosha, ila wanafunzi mnaingia wote kwa mpigo. Mimi nasoma kompyuta, na nikiulizwa nani yuko sahihi huwa namtaja mtu aliyefariki mwaka 1929, kompyuta hizi zetu zikiwa bado hazijazaliwa. Jina lake Agner Krarup Erlang.

Erlang alizaliwa tarehe 1 Januari 1878 katika kijiji cha Lønborg, nchini Denmark. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji. Inasimuliwa kwamba kaka yake alipokuwa akisoma kitabu, Agner alikaa upande wa pili wa meza na kukisoma kikiwa juu chini. Alipokuwa na miaka 14 alifaulu mtihani wa awali wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, na ilibidi apewe kibali maalumu maana umri ulikuwa haujatimia. Akafundisha kidogo kwenye shule ya baba yake, kisha mwaka 1896 akaingia chuo kwa ufadhili. Alihitimu hisabati mwaka 1901, na kwa miaka kadhaa akawa mwalimu wa shule tu, kama wengi wetu tutakavyokuwa.

Kilichogeuza maisha yake ni kuhudhuria mikutano ya chama cha wanahisabati. Huko alifahamiana na Johan Jensen, mhandisi wa Kampuni ya Simu ya Copenhagen, ambaye naye alikuwa mwanahisabati hodari. Jensen akampeleka kwa mkurugenzi wake, Fredrik Johannsen, na mwaka 1908 Erlang akaajiriwa.

Kampuni ilikuwa na swali gumu. Kila mazungumzo ya simu yalihitaji laini yake. Ukiweka laini chache, saa ya watu wengi wateja wanakosa nafasi. Ukiweka nyingi, nyaya za gharama zinalala bure. Sasa ziwe ngapi?

Mwaka 1909 Erlang alichapisha jibu lake la kwanza. Alionyesha kwamba simu zinazopigwa na watu wasiojuana hazifiki moja moja kwa nafasi sawa. Zinarundikana zenyewe, halafu panatokea ukimya, halafu zinarundikana tena, na mrundikano huo una kanuni yake ya kihesabu. Kwa hiyo wastani peke yake unadanganya. Hata kama hakuna tarehe ya mwisho ya usajili, watu watafika kwa mpigo bila kupanga. Tarehe ya mwisho inakuja kuongeza chumvi tu.

Mwaka 1917 akatoa kanuni anazokumbukwa nazo zaidi: ni simu ngapi zitakosa laini, na wanaosubiri watasubiri kiasi gani. Hebu tuzitumie. Chukua makundi mawili ya wateja, kila kundi na laini zake 5, na kila kundi lina mazungumzo ya kutosha kushughulisha laini 2 na nusu kwa wastani. Kwa kanuni ya Erlang, karibu simu 7 katika kila 100 zitakataliwa. Sasa ondoa ukuta katikati, wote watumie laini 10 kwa pamoja. Wateja ni wale wale, laini ni zile zile, lakini zinazokataliwa hazifiki 2 katika 100. Hujanunua hata waya mmoja.

Hiyo ndiyo roho ya kusawazisha mzigo kwenye seva za siku hizi. Mbele ya seva kunakaa programu inayopokea maombi na kuamua lipi liende wapi. Inaweza kugawa kwa zamu, au ikapeleka ombi kwenye seva yenye kazi chache wakati huo. Lakini ukisema kitivo hiki kina seva yake na kile kina yake, umejenga tena ule ukuta: seva moja inahema, jirani yake inasinzia. Ni kama madirisha mawili ya kafeteria yenye foleni mbili, halafu ya kwako ndiyo imekutana na mtu anayetafuta chenji. Foleni moja inayolisha madirisha yote mawili haina shida hiyo.

Jambo la pili linawauma zaidi wanaobana matumizi. Katika mfano rahisi kabisa wa foleni, seva ikiwa na kazi nusu ya muda wake, ombi linachukua kwa wastani mara 2 ya muda wa kuhudumiwa. Ikifika asilimia 90, linachukua mara 10. Kwa hiyo seva inayoonekana haipotezi hata dakika inawapotezea watu wengine dakika zao, na bando lao pia.

Erlang mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa ofisini tu. Alizunguka mitaa ya Copenhagen akiwa na fundi aliyebeba ngazi, akashuka kwenye mashimo ya nyaya kupima umeme unaovuja. Hakuoa, na alijulikana kwa kuwasaidia maskini. Alifariki tarehe 3 Februari 1929, akiwa na miaka 51. Mwaka 1946 jina lake likawa kipimo cha kimataifa cha mzigo wa simu. Baadaye Ericsson ya Sweden ikatengeneza lugha ya programu inayoitwa Erlang, na WhatsApp ilijengwa juu ya lugha hiyo. Kwa hiyo ukituma ujumbe wa kulalamikia usajili kwenye grupu la darasa, huyo mzee yumo.

Nirudi kwenye mabishano yetu. Viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi wakikaa na uongozi wa chuo, kabla ya kudai seva mpya au kukubali kwamba kosa ni letu, naomba waulize maswali mawili. Je, seva zilizopo zinashirikiana, au kila moja ina watu wake? Na je, saa ile ya watu wengi, siyo kwa wastani wa mwezi, zinajaa kiasi gani? Majibu yakipatikana, nusu ya ugomvi itakuwa imeisha.