Nabii Yakubu a.s. na Jina la Israeli

Ndugu msomaji, Waebrania wa kale hawakutoa majina ovyo. Mzazi alipompa mtoto jina, alitia ndani yake shukrani, ombi au kumbukumbu. Jambo hilo laonekana wazi katika maisha ya Hadhrat Yakubu a.s., mwana wa Hadhrat Is-haka a.s. na mjukuu wa Hadhrat Ibrahimu a.s.

Biblia yasimulia kwamba alizaliwa pacha, naye ameshika kisigino cha nduguye Esau. Na kwa kuwa kisigino kwa Kiebrania ni akebu, akaitwa Yakobo (Mwanzo 25:26). Kisha kitabu hicho hicho chadai kwamba alimhadaa babaye aliyepofuka ili apate baraka, na Esau akaligeuza jina hilo kuwa la lawama (27:36). Lakini Kurani Tukufu yatufundisha kwamba mkewe Ibrahimu alibashiriwa Is-haka, na baada yake Yakubu, kabla hawajazaliwa (11:72). Je, aliyebashiriwa na Mungu Mwenyewe alikuwa na haja gani ya kuiba baraka? Hata wataalamu wa lugha wengi waona kwamba asili ya jina hilo ni ombi, yaani Mungu na amlinde. Jina la namna hiyo, Yakubu-Har, limesomwa katika mihuri ya kale ya Misri.

Yakubu a.s. alimtumikia mjomba wake Labani miaka 20 huko Harani, akapata wake na watoto. Lea alimwita mwanawe Simeoni, kwa kuwa Mungu amesikia. Na mwingine Yuda, kwa ajili ya kumsifu Mungu. Kutokana na Yuda wameitwa Wayahudi. Raheli, akikata roho, alimwita mwanawe Benoni, mwana wa huzuni yangu; lakini baba hakutaka mtoto abebe msiba maishani, akamwita Benyamini, mwana wa mkono wa kuume.

Katika kurudi kwake kutoka Harani ndipo, kwa masimulizi ya Biblia, alipopewa jina la Israeli baada ya kushindana usiku kucha (Mwanzo 32:28). Nabii Hosea aeleza kwamba aliyeshindana naye alikuwa malaika (12:4). Jina hilo limeunganisha neno la kushindana na El, yaani Mungu. Jina la mtu mmoja likawa jina la taifa: jiwe la Farao Merneptah, lililochongwa miaka 1200 hivi kabla ya Nabii Isa a.s. na kufukuliwa mwaka 1896, lawataja Israeli kama watu.

Sasa, ndugu msomaji, tazama saa yake ya mwisho. Kurani Tukufu yaeleza kwamba aliwauliza wanawe watamwabudu nani baada yake, nao wakaahidi kumwabudu Mungu Mmoja, Mungu wa baba zao (2:134). Alijua kwamba jina lake peke yake halitawaokoa. Nasi tuwaitao watoto wetu Yakubu, Yusufu na Ibrahimu, tusiwaachie jina tupu. Tuwaulize swali lile lile tungali hai, na maisha yetu yawe mfano wa jibu lake.