Habari za Michael Faraday, Mtoto wa Mhunzi

Jioni, katika njia za Shinyanga, hupita watu wapandao baiskeli wakirudi kwao kutoka mashambani na minadani. Baadhi ya baiskeli hizo zina kichupa kidogo cha chuma kigusacho mpira wa gurudumu, nacho huitwa dinamo. Gurudumu likizunguka, taa huwaka; gurudumu likisimama, taa huzimika papo hapo. Mtu akikifungua kichupa hicho haoni ndani yake mafuta wala betri, ila sumaku na waya wa shaba nyekundu tu. Basi mwanga huo hutoka wapi? Mtu aliyeitambua siri hiyo na kuieleza kwa majaribio yake alikuwa mtoto wa maskini, ambaye hakupata kusoma katika shule kubwa. Jina lake lilikuwa Michael Faraday.

Michael alizaliwa tarehe 22 Septemba mwaka 1791, karibu na mji wa London katika nchi ya Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi, mtu wa bidii lakini mgonjwa, na siku nyingine hakuweza kuinua nyundo. Mwaka 1801 bei ya nafaka ilipanda sana, hata Michael akawa hupewa mkate mmoja tu, nao ndio chakula chake cha juma zima. Shuleni alijifunza kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi.

Mwaka 1804 aliajiriwa na mwuza vitabu mmoja, Bwana Riebau, awe mtoto wa kutumwa na kuwapelekea watu magazeti. Mwaka uliofuata bwana yule akamchukua kuwa mwanafunzi wa kazi ya kujalidi vitabu kwa muda wa miaka saba; na kwa kuwa alikuwa mwaminifu, hakumtoza ada. Vijana wengi wa kazi ile walishona kurasa na kubandika ngozi bila kujali maneno yaliyomo ndani. Michael hakuwa hivyo. Kazi ya mchana ilipokwisha, alivisoma vitabu vile alivyovijalidi, na katika kimoja akakuta habari za umeme.

Walakini hakutosheka kusoma tu. Alitaka kuhakikisha kwa macho yake kama mambo yaliyoandikwa ni kweli. Kwa senti chache alizoweza kuweka akiba, alinunua vifaa vidogo vidogo, akatengeneza mtambo wa kioo ambao ukizungushwa na kusuguliwa hutoa cheche. Ndugu yake, ambaye naye alikuwa mhunzi, akampa shilingi za kwenda kusikiliza mafundisho ya elimu wakati wa jioni.

Mwaka 1812 alitengeneza betri kwa mikono yake mwenyewe. Alikata vipande saba vya zinki, kila kimoja ukubwa wa sarafu ya nusu peni. Akavipanga pamoja na sarafu saba za nusu peni, ambazo zilikuwa za shaba nyekundu, na baina ya jozi na jozi akatia karatasi iliyoloweshwa kwa maji ya chumvi. Karatasi zilikuwa sita. Madini mawili ya namna mbalimbali yakitiwa baina yake maji ya chumvi, umeme hutokea. Alipotia ncha za waya katika maji yaliyochanganywa na chumvi ya haluli, akaona mapovu yakitoka.

Mwaka ule ule mnunuzi mmoja wa dukani alimpa tikiti za kwenda kumsikiliza Bwana Humphry Davy, mtaalamu mwenye sifa kubwa, katika nyumba ya elimu iitwayo Royal Institution. Michael aliandika yote aliyoyasikia, akayanakili vizuri, akayajalidi kuwa kitabu cha kurasa kama 300, akampelekea Davy pamoja na barua ya kuomba kazi. Davy alimpokea kwa wema, lakini nafasi haikuwapo, akamshauri asiache kujalidi vitabu. Shauri hilo lilikuwa zito. Baba yake alikuwa amekwisha kufa mwaka 1810, na mama alikuwa mjane. Kazi ya vitabu ilikuwa na chakula cha hakika, bali kazi ya elimu haikuwa na hakika hata kidogo. Hata hivyo nafasi ilipopatikana mwezi wa Machi 1813, Michael aliikubali bila kusita. Akapewa shilingi 25 kwa juma, vyumba viwili vya juu, kuni na mishumaa. Kazi yake ikawa kuosha vyombo na kutayarisha majaribio ya wengine.

Mwaka 1821 alifaulu jambo lake kubwa la kwanza. Aliuning'iniza waya ndani ya chombo chenye zebaki, ile ile ambayo wachimbaji wadogo wa Geita huitumia kunasia dhahabu, na ambayo mvuke wake ni sumu. Katikati ya zebaki palikuwa na sumaku. Alipopitisha umeme, waya ukaizunguka sumaku bila kukoma. Huo ulikuwa mwanzo wa mota, na leo mota ndizo zizungushazo pampu na mitambo ya kusaga mawe migodini.

Tena akafikiri: ikiwa umeme huweza kufanya sumaku, je, sumaku haiwezi kufanya umeme? Tangu mwaka 1824 alijaribu mara kwa mara asipate kitu, na kila mara aliandika katika daftari lake kwamba hakupata kitu. Hakuona haya kuandika.

Tarehe 29 Agosti 1831 alichukua pete nene ya chuma. Upande mmoja akauzungushia waya wa shaba nyekundu, kama mafundi wa zamani walivyozungusha udodi kufanya bangili, na upande wa pili waya mwingine. Waya hizo hazikugusana, wala hazikugusa chuma, kwa sababu alizitenga kwa uzi na kitambaa. Waya wa pili aliupitisha juu ya sindano ya dira. Kisha waya wa kwanza akauunga na betri. Sindano ikatikisika, ikarudi mahali pake, ikatulia. Umeme ulikuwa ungali unapita katika waya wa kwanza, lakini sindano haikusogea tena. Alipoikata betri, ikatikisika mara ya pili, upande wa kinyume.

Mtu mwingine angedhani meza imegongwa, akaenda zake. Faraday alitazamia umeme udumuo, akapata mtikisiko wa kitambo kidogo tu, lakini hakuudharau. Akarudia, akabadili kitu hiki, kisha kile. Tarehe 17 Oktoba alisukuma sumaku ndani ya waya uliozungushwa: sindano ikasogea. Akaiacha sumaku itulie: sindano ikatulia. Akaivuta nje: sindano ikaenda kinyume. Ndipo akafahamu ya kuwa sumaku iliyotulia haizai umeme. Mwendo na mabadiliko ndiyo yauzaao. Tarehe 28 Oktoba akazungusha sahani ya shaba nyekundu baina ya ncha za sumaku kubwa, akapata umeme usiokatika maadamu sahani yazunguka. Huyo ndiye babu wa dinamo zote.

Faraday alipata sifa duniani, lakini alikataa kupewa cheo cha heshima, akapenda kubaki na jina lake tu. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867.

Taa ya baiskeli ikikataa kuwaka usiku, mpumbavu huipiga kofi dinamo na kuitupa. Mwenye busara hufuata njia ya yule mtoto wa mhunzi. Hutazama kama dinamo yaugusa mpira, kisha globu, kisha waya, kisha mahali dinamo inapofungwa, kwa kuwa fremu ya baiskeli ndiyo njia ya umeme kurudia, na kutu au rangi huweza kuuzuia ingawa dinamo ni nzima. Hubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja, wala hadharau dalili ndogo. Mara nyingi hata jambo lililokataa mara mia hutoa ishara, nayo hupita upesi kama mtikisiko wa sindano.