Thomas Hardy: Barobaro aliyebomoa kanisa, akapata mke

Wengi wanaomjua Thomas Hardy wanamjua kwa riwaya na mashairi yake. Lakini kabla riwaya zake hazijamlisha, jamaa huyu alikuwa akila jasho la kuchora ramani za majengo, hasa makanisa ya vijijini kwao Uingereza. Kazi hiyo ilimpa mke. Ilimwachia pia donda ambalo halikupona.

Alizaliwa 1840 katika kijiji cha Higher Bockhampton, Dorset. Baba yake alikuwa mwashi na mjenzi. Kanisani kwao Stinsford, babu na baba yake walikuwa wapiga ala za nyuzi, wakikaa kwenye roshani ya juu nyuma ya waumini. Roshani hiyo iling'olewa Hardy angali mtoto mdogo. Kumbuka hilo.

Mnamo 1856, akiwa na miaka 16, alipelekwa mjini Dorchester kujifunza kazi kwa msanifu wa majengo, John Hicks. Enzi hizo kazi ilikuwa tele. Makanisa ya kale yalikuwa yamechakaa, na kila mahali watu walikuwa wakiyakarabati. Ila ukarabati wenyewe, wee! Msanifu alikuja na picha kichwani ya jinsi kanisa la zama za kati lilivyopaswa kuwa, na chochote kisicholingana na picha hiyo kikatupwa nje: madirisha, benchi, hata kuta ambazo vizazi kadhaa vilikuwa vimeongeza kidogo kidogo. Hivyo ndivyo Hardy alivyofunzwa, naye hakuuliza maswali.

Alikwenda London 1862, akafanya kazi kwa Arthur Blomfield miaka mitano. Afya ikamsumbua, akarudi nyumbani.

Sasa ndio mambo yanaanza. Machi 7, 1870, aliamka usiku wa manane na kuondoka saa kumi alfajiri, akabadilisha treni mara kadhaa, kisha akapanda gari la farasi hadi St Juliot, kijiji kilichojificha karibu na bahari huko Cornwall. Alitumwa kukagua kanisa lililokuwa likiporomoka. Alifika jioni. Kasisi alikuwa kitandani, jongo limemkaba, na mkewe alikuwa akimuuguza. Aliyemfungulia mlango ni dada ya mke wa kasisi, Emma Gifford, kidosho aliyevaa rinda la kahawia. Emma aliona karatasi ya buluu ikichungulia mfukoni mwa mgeni, akadhani ni ramani ya kanisa. Kumbe ni shairi! Kijana aliyeficha mashairi mfukoni akiwa kazini, unadhani mapenzi yalichukua muda?

Kanisa lenyewe lilikuwa la kuhurumiwa. Mnara ulikuwa na nyufa, kengele zimeshushwa na kuwekwa sakafuni midomo ikitazama juu. Kukiwa na mazishi, mtu aliinua ulimi wa kengele kwa mkono na kuuachilia ugonge. Popo na ndege walikaa kwenye mbao za paa, na nakshi za benchi zilikuwa zimeoza.

Hardy alipima, akachora, na mafundi wakaanza. Mnara wa kale ukaangushwa, na upande wa kaskazini wa kanisa ukaenda nao. Ubawa wa kusini ndio uliogeuzwa kuwa ukumbi mkuu, na mnara mpya ukajengwa. Emma ndiye aliyeweka jiwe la msingi. Kanisa lilifunguliwa tena 1872, na wawili hao wakafunga ndoa 1874. Kufikia hapo Hardy alikuwa ameshaachana na usanifu na kushika kalamu.

Lakini kanisa halikumtoka akilini. Mnamo 1881 alijiunga na chama kilichoanzishwa na William Morris kulinda majengo ya kale dhidi ya wakarabati kama yeye mwenyewe. Miaka ya 1890 alisimamia ukarabati wa kanisa dogo la West Knighton, karibu na nyumbani kwake. Kisha 1906 hotuba yake ikasomwa mbele ya chama hicho, na humo alikiri waziwazi sehemu yake katika uharibifu. Alisimulia jinsi alivyoagiza kiambaza cha kale cha mbao za mwaloni kirekebishwe kwa uangalifu. Aliporudi alikuta kipya kabisa, kimepakwa vanishi kinang'aa, na fundi amesimama kando akitarajia kusifiwa.

Kwangu mimi hapo ndipo anapopata heshima. Tayari alikuwa na jina kubwa, na hakuna aliyekuwa akimdai maelezo.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yameharibika. Yeye na Emma waliishia kuishi kama wapangaji wawili, Emma akijitenga kwenye vyumba vya darini. Alifariki Novemba 1912, na ndipo Hardy akashtuka. Machi 1913, miaka 43 tangu safari ile ya kwanza, mzee wa miaka 72 alirudi Cornwall. Akachora ramani yake ya mwisho kwa ajili ya St Juliot: kibao cha kumbukumbu ya Emma, ambacho hadi leo kiko ukutani mwa kanisa alilolibomoa nusu.

Hardy alifariki Januari 11, 1928. Majivu yake yalizikwa Westminster Abbey kwa heshima za taifa. Moyo wake ulitolewa kwanza, ukazikwa Stinsford katika kaburi la Emma, nje ya kanisa lile lililopoteza roshani ya babu yake.