Maisha ya Joseph Conrad, kapiteni aliyerudia kuwa mwanafunzi

Sisi wa Kolwezi, bahari iko mbali nasi. Lakini muto wetu Lualaba tunaujua: unapita Nzilo, unashuka Bukama, Kongolo na Kindu mpaka Kisangani. Hapo jina la Lualaba linakwisha, unaitwa Kongo mpaka baharini. Leo tunawaelezea maisha ya mutu aliyekuja kwenye muto huo mwaka wa 1890.

Joseph Conrad alizaliwa tarehe 3 Desemba 1857 katika familia ya Wapolandi. Wakati ule inchi yao ilitawaliwa na wageni. Serikali ya Urusi ilimuhamisha baba yake mbali, pamoja na muke na mutoto. Mama alikufa 1865, baba 1869. Mutoto alibaki yatima wa miaka 11, mujomba wake akamulea.

Mwaka wa 1874, alipokuwa bado hajatimiza miaka 17, alienda Marseille, Ufaransa, kutafuta kazi ya bahari. Katika merikebu ya matanga iliyoitwa Mont-Blanc alisafiri kwanza kama abiria. Mwaka wa 1875 akaandikwa mwanafunzi wa kazi. Tuelewe vizuri kazi ile. Merikebu za matanga zilikwenda kwa nguvu ya upepo. Mwanafunzi alipashwa kujua kila kamba hata gizani, sababu kufungua kamba isiyo yake kuliweza kuua mutu. Alipanda mulingoti wakati wa dhoruba kukunja matanga, miguu ikisimama juu ya kamba tu. Akishuka, anasugua sakafu.

Mwaka wa 1878 aliingia katika merikebu za Waingereza. Alikuwa na miaka 20, na Kiingereza alikijua kidogo sana. Akaanza tena chini kabisa, akasafiri mpaka Australia. Egzameni ya kwanza alishinda 1880. Ya pili ilimuangusha 1884, akairudilia, akashinda. Ya ukapiteni nayo ilimuangusha Julai 1886, Novemba akashinda.

Basi, mwaka wa 1890 kapiteni huyu akafika Boma. Toka Matadi mpaka Kinshasa alitembea kwa miguu zaidi ya mwezi, sababu reli ilikuwa bado. Kisha akapanda mashua ya moshi, Roi des Belges, mpaka maporomoko ya Kisangani. Kumbe mutu wa bahari hakujua muto! Akachukua daftari, akaandika na kuchora mawe, michanga na visiwa, kama mutoto wa shule. Wakati wa kurudi kapiteni wa mashua aliugua, na yeye akaiongoza siku chache.

Aliona pia vile watu wa mufalme Leopold wa Pili walivyotamani pembe za tembo, na raia wakiteswa. Alirudi Ulaya mugonjwa sana. Mwaka wa 1899 alitoa Heart of Darkness, kwa Kiingereza, luga yake ya tatu. Kitabu kile kinalaumu tamaa ile. Lakini mwaka wa 1975 Chinua Achebe wa Nigeria alikilaumu nacho, sababu Waafrika wamo ndani karibu bila sauti. Tunaona alikuwa na haki. Conrad aliandika mawe ya muto kwa uangalifu. Watu wa pembeni hakuwasikiliza vile.

Alikufa Uingereza tarehe 3 Agosti 1924.

Wenzetu, kuanguka egzameni haiko mwisho wa safari, na hata mwenye shahada anaweza kurudia daftari. Conrad aligeukia Kisangani; upande wetu wa Lualaba hakuufikia. Habari za upande huu tuziandike sisi wenyewe.