Sharifu Al-Idrisi na Iklimu Saba za Dunia

Katika maulamaa wa Kiislamu ambao majina yao yatajwa Ulaya zaidi ya yatajwavyo majumbani mwetu, mmoja ni Sharifu Abu Abdallah Muhammad Al-Idrisi. Alizaliwa kiasi cha mwaka 1100 katika mji wa Sabta, kaskazini ya Maghribi, katika nasaba tukufu ya Mtume (S.A.W.), akasoma Qurtuba katika Andalusia. Lakini si nasaba iliyolihifadhi jina lake kwa miaka mia tisa. Ni kazi yake.

Yapata mwaka 1138 aliitwa Palermo na Roger wa Pili, mfalme Mnasara wa Sicily, aliyetaka kuijua dunia kwa hakika. Al-Idrisi hakutosheka kunakili vitabu vya waliotangulia. Wasafiri na wafanya biashara waliletwa, wakaulizwa, na maneno yao yakalinganishwa: waliloafikiana likashikwa, walilohitilafiana likawekwa kando. Kiasi cha miaka 15 ilipita katika kazi hiyo. Kisha dunia ikachorwa juu ya sahani kubwa ya fedha, uzito wake ratili 400 za Kirumi, na kitabu kikaandikwa pamoja na ramani 70, kusini ikiwa juu. Kitabu, Nuzhat al-Mushtaq, kilikamilika Januari 1154, na mwezi uliofuata mfalme akafa. Ile fedha ilipotea katika machafuko, ilimu ikabaki.

Mpango wa kitabu ulikuwa wa Wayunani. Kwa desturi yao, dunia inayokaliwa iligawanywa mikanda saba iitwayo iklimu, kutoka upande wa Ikweta mpaka kaskazini ya baridi, kwa kadiri ya urefu wa mchana. Al-Idrisi akaukata kila mkanda sehemu kumi, magharibi hata mashariki, na kila mji ukapewa mahali pake. Malindi na Mombasa zimo katika iklimu ya kwanza, na habari za chuma chao zimo. Yeye mwenyewe hakufika huku. Alipata habari nyingine sawa, na nyingine alikosea, kwani pwani ya Afrika aliipinda kuelekea mashariki, akiwafuata wazee wa Kiyunani.

Hapa pana somo. Mkanda wa iklimu hueleza umbali wa mji na Ikweta. Haielezi mvua yake. Tutazame Kathonzweni, katika Makueni, Ukambani. Mji huo u karibu na Ikweta kuliko Mombasa, wala haufiki nyuzi mbili kusini yake. Kwa hesabu ya mikanda ungalikuwa na joto na rutuba kutushinda sisi. Lakini Makueni yahesabiwa katika nchi kame na nusu kame za Kenya. Sisi wa pwani twategemea masika. Mkulima wa huko hutegemea zaidi vuli, Oktoba hadi Disemba, naye hupanda mbaazi, kunde, pojo na mtama, mimea istahimiliyo kiu. Na katika Makueni hiyo hiyo, vilima vya Mbooni na Kilungu vina baridi na mvua zaidi. Basi hata wilaya moja haina hali moja. Seuze nchi nzima.

Kasoro hiyo ilitengenezwa na wataalamu wa baadaye, mashuhuri wao Wladimir Köppen, aliyezaliwa Urusi mwaka 1846 na kufa Graz mwaka 1940. Yeye alipima joto na mvua pamoja, mwezi kwa mwezi, kwa kuwa mvua itoshayo nchi ya baridi haitoshi nchi ya jua kali, ambako maji hukauka upesi. Hivyo mipaka ya hali ya hewa haikufuata mipaka ya dola wala mistari iliyonyooka.

Kosa lililo kubwa zaidi ni kuwapima watu kwa iklimu. Ibn Khaldun, aliyekufa mwaka 1406, alikitumia kitabu cha Al-Idrisi. Alifanya vyema kukanusha hadithi ya kuwa weusi ni laana ya Ham, akasema sababu yake ni joto. Lakini mwenyewe akawadunisha tabia watu wa iklimu za kandoni, na pwani yetu imo humo. Jawabu lilikwisha kutolewa kabla ya kuzaliwa kwake: Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliwashuhudia watu wake kuwa wema na wenye dini, na misikiti yao imejengwa vizuri. Aliyefika na kuona ni mkweli kuliko aliyehukumu kwa mkanda. Nasi tujihadhari, tunaponung'unikia dharau hiyo, tusimtupie mwenzetu wa bara kwa sababu ya ukame wa ardhi yake. Ubora ni kwa taqwa.

Al-Idrisi alifariki kiasi cha mwaka 1165. Alipouliza na kulinganisha, alipata. Alipofuata bila kuuliza, alikosea. Ndugu zetu, mwenye kumpenda Sharifu huyu na amwige katika kuuliza, na watoto wetu wafundishwe kuisoma ramani kama wafundishwavyo kusoma hati.

Wabillahi tawfiq.