Kutoka Kaniki hadi Buibui: Mavazi ya Siti binti Saad Mbele ya Hadhira

Siti binti Saad anafahamika kwa sauti. Wanafunzi wengi wa Kiswahili walikutana naye mara ya kwanza katika wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert, na tangu hapo picha inayobaki akilini mwao ni ya mwanamke wa shamba aliyeinuliwa na koo lake hadi akaimba mbele ya Sultani. Picha hiyo ni ya kweli, ila imeliacha pembeni jambo ambalo hapana mwimbaji wa kike wa zama zile aliyeweza kulikwepa: avae nini anapoketi mbele ya watu. Katika Unguja ya wakati huo nguo haikuwa pambo tu. Ilitangaza nasaba ya mvaaji kabla hajafungua kinywa.

Inakadiriwa kuwa alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini mwa mji wa Unguja. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi, na mama yake alikuwa Mzigua. Wote walitoka katika kundi la watu waliohesabiwa kuwa watumwa. Mtoto akaitwa Mtumwa. Jina hilo halihitaji fasiri. Maisha yao yalikuwa ya kilimo na ufinyanzi. Mtumwa alijifunza kwa mama yake kufinyanga vyungu, akavibeba kwa miguu hadi mjini na kuvinadi vichochoroni, na inasimuliwa kuwa watu waliitambua sauti yake ikiwa bado iko mbali.

Kuhusu nguo zake za wakati ule, desturi ya nchi ilikuwa imekwisha kuamua. Watumwa wa kike walivaa merikani, kitambaa kizito cha pamba kilicholetwa na wafanyabiashara wa Kimarekani, au kaniki, yaani kitambaa hichohicho kikishatiwa rangi nyeusi au buluu iliyokolea. Kichwa kilikuwa wazi na miguu haikuwa na kiatu. Kujifunika kichwa kulikuwa haki ya waungwana. Juu kabisa ya ngazi walikuwa mabibi wa majumba ya Kiarabu. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, ameyaeleza kwa kina mavazi yao ya hariri na dhahabu, pamoja na barakoa iliyoficha uso. Ilivyokuwa ni kwamba kadiri mwanamke alivyofunikwa ndivyo alivyohesabiwa kuwa mtu. Msomaji wa leo aliyezoea kuuona ushungi kuwa suala la dini peke yake hana budi kulikumbuka hili, la sivyo hatamwelewa Siti.

Amri ya kufuta utumwa ilitolewa mwaka 1897, Mtumwa akiwa msichana mkubwa. Sheria ilibadilika kwa siku moja. Nguo zilibadilika kwa miaka. Wanawake walioachwa huru waliacha merikani tupu na kaniki, wakachukua kanga za rangi zilizouzwa kwa doti, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda kichwani. Kitendo hicho cha kujitanda, ambacho leo hufanywa bila kufikiriwa, kilikuwa tangazo. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, buibui jeusi likaenea kutoka kwa wanawake wa tabaka la juu hadi kwa wanawake wa Ng'ambo, likawafunika wajukuu wa mabwana na wajukuu wa watumwa kwa rangi moja.

Mwaka 1911 Mtumwa alihamia mjini. Huko alikutana na Muhsin Ali, mmoja wa wanachama wa Nadi Ikhwan Safaa, chama cha taarabu kilichoasisiwa mwaka 1905, naye akamfundisha uimbaji na matamshi ya Kiarabu. Taarabu ya wakati huo ilikuwa mali ya wanaume na ya majumba makubwa, na lugha yake ilikuwa Kiarabu. Mtumwa hakujua kusoma. Nyimbo alizihifadhi kwa kichwa. Mialiko ilipoanza kuja alipewa jina jipya, Siti, lenye maana ya bibi mwenye heshima. Jina la kwanza lilimtaja kuwa mali, la pili likamtaja kuwa bibi. Sasa ilibidi mavazi yalingane na jina.

Mji haukumsahaulisha alikotoka. Ukazuka wimbo wa kumkejeli, ambao bado unakumbukwa, ukiuliza amekuwa mtu tangu lini yule aliyeingia mjini na kaniki mbili, na angepata wapi riziki kama si sauti. Mtunzi wa kejeli ile alijua alichokifanya. Angeweza kutaja vyungu, au Fumba, au wazazi, lakini alichagua kaniki kwa sababu nguo hiyo pekee ilibeba yote matatu. Siti alijibu kwa wimbo. Katika jibu lake alikiri kwamba uzuri wa sura si hoja yake, na akaiweka akili mbele ya uzuri na nasaba. Hakuitetea kaniki, wala hakuikana.

Jibu lake la pili halikuwa la maneno. Siti aliimba akiwa amejifunika buibui, uso ukiwa nyuma ya kitambaa. Wapo wanaoeleza kuwa alijificha kwa sababu hakuhesabiwa kuwa mrembo na watu wa mjini walikuwa wepesi wa kucheka. Yamkini hilo lilikuwamo, lakini maelezo hayo hayatoshi. Kama lengo lingekuwa kuficha sura tu, kanga ya kujitanda ingefaa. Mwanamke wa asili ya utumwa aliyeketi mbele ya mabwana akiwa amefunikwa kama mabibi wa mabwana hao alikuwa anadai kitu ambacho mama yake alinyimwa. Tena vazi lile lilimlinda. Mwanamke kuimba usiku kati ya wanaume kulikuwa aibu, na wepesi wa kumwita mwimbaji majina mabaya ulikuwa mkubwa. Buibui lilimwezesha kuingia, kuimba na kutoka akiwa bado ni Siti.

Aliyefunika uso hakufunika mdomo. Alipoanza kuimba kwa Kiswahili pamoja na wenzake, wakiwamo Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo, Mbaruku na Maalim Shaaban, nyimbo ziliingia katika mambo ya mahakama, dhuluma na mapenzi. Wimbo wa Kijiti, uliohusu mauaji ya mwanamke mgeni na namna sheria ilivyowageukia wanawake wenzake, ni mfano wa ujasiri huo. Fumbo la taarabu na jina la kanga ni ndugu: vyote viwili husema bila kumtaja anayesemwa. Siti aliivua kanga mbele ya hadhira, lakini ufundi wake aliubakiza ulimini.

Mwezi Machi 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi na kampuni ya Gramophone iliyotumia alama ya His Master's Voice. Hadi mwaka 1931 sahani za santuri zilizouzwa za kundi hilo zilikuwa zimefikia takribani 72,000. Hapa pana jambo la kuvutia kwa mtafiti wa mavazi. Sahani haina uso wala nguo. Watu wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam walimsikia bila kuuona utaji wala kuikumbuka kaniki, na walimpenda. Santuri ilikamilisha kile ambacho buibui lilikianza: kumwacha msikilizaji na sauti peke yake.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Miongoni mwa waliomsikiliza na kumwiga utotoni ni Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, aliyefariki mwezi Aprili 2013. Inasimuliwa kuwa naye alianza kwa kuimba akiwa amejifunika, kisha akauvua utaji. Katika uzee wake alionekana majukwaani Ulaya na Zanzibar uso wazi, mara nyingi miguu mitupu, nyuzi za kanga yake zikining'inia huku akipiga ngoma ya msondo. Miguu mitupu, iliyokuwa alama ya utumwa Fumba, kwake ilikuwa chaguo.