Salme binti Said: Tulinyamaza, wengine wakamsimulia

Ndugu msomaji, hivi karibuni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuja likizo kutoka Ujerumani anakosoma. Usiku mmoja baada ya Isha tulikaa barazani, akanisimulia kisa alichokisoma katika riwaya. Binti wa Sultani wa Zanzibar alimwona kijana wa Kijerumani juu ya dari ya nyumba ya jirani, wakapendana, naye akatoroka kifungo cha Uislamu kwenda kuishi huru Ulaya. Alipomaliza akaniuliza swali lililonifunga mdomo: mbona Mjomba hukuwahi kutusimulia habari zake?

Ni kweli, sikuwahi. Kwetu sisi jina la Sayyida Salme lilikuwa halitajwi, kwa kuwa aliritadi. Tukanyamaza, na wengine wakaandika. Nicole C. Vosseler alitoa riwaya juu yake mwaka 2010, na Lukas Hartmann akatoa yake mwaka 2013. Mtunzi wa riwaya ana ruhusa ya kubuni, na makala hii haikuandikwa kuwashitaki watunzi hao. Kinachonishughulisha ni picha iliyobaki kichwani mwa mpwa wangu, kwa sababu bibi huyu aliandika kitabu chake mwenyewe, kikatoka Ujerumani mwaka 1886, na hakikusema hivyo.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri ya Mtoni, Unguja. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, na mama yake, Jilfidan, alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkasi. Wasichana wa ukoo wake walifundishwa kusoma Qur'an, lakini kuandika hawakufundishwa. Yeye akajifundisha kwa siri, akinakili aya za Qur'an kwenye mfupa wa bega la ngamia. Hapa tuseme ukweli: katazo lile lilikuwa ni la mila, na wala si la dini ambayo wahyi wake wa kwanza umetaja kalamu.

Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856. Salme alikuwa na umri wa miaka 12, akatangazwa kuwa ni mtu mzima, akapewa fungu lake la mirathi, likiwemo shamba. Msomaji alikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Mwaka 1859 mama yake akafa kwa kipindupindu. Mwaka huo huo nduguye, Barghash, akala njama ya kumpindua kaka yao, Sultani Majid. Dada yao Khole akamvuta Salme upande wa Barghash, na kwa kuwa alijua kuandika, binti wa miaka 15 akawa katibu wa njama! Njama ilivunjwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki hana pa kuegemea.

Ndipo tunapofika kwa yule kijana, Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Tusifiche wala tusipambe: alipata mimba nje ya ndoa, na Agosti 1866 aliondoka usiku kwa manowari ya Waingereza hadi Aden, akihofia adhabu. Mtoto alizaliwa huko, naye hakuishi muda mrefu. Mei 30, 1867 Salme akabatizwa na kuitwa Emily, na siku hiyo hiyo akafunga ndoa.

Huo uhuru wa Ulaya ulikuwaje? Walizaa watoto watatu. Agosti 1870 Ruete akaanguka alipokuwa akishuka kwenye tramu, akafa. Mjane huyu alipotaka kushika mali ya nyumba yake, sheria za Hamburg zikamwekea wasimamizi wa kiume. Aliyekabidhiwa mirathi yake Zanzibar akiwa na miaka 12, Hamburg akiwa mama wa watoto watatu alihesabiwa kuwa hawezi kujisimamia! Jambo hili mpwa wangu hakuwa nalo kabisa.

Mwaka huo huo Majid naye akafa, Barghash akatawala. Mwaka 1875 Barghash alizuru London. Salme akaenda huko kutafuta suluhu, wakubwa wa Uingereza wakazuia wasionane. Mwaka 1885, wakati Ujerumani inanyakua bara, Bismarck akamleta Zanzibar yeye na wanawe, nyuma ya manowari. Watu wa mjini walimpokea kwa furaha, lakini Barghash alikataa kumwona na kumpa mirathi aliyodai. Kifiqhi Sultani alikuwa na hoja, kwani asiye Muislamu hamrithi Muislamu. Lakini na tuwatazame pia hao waliomleta: walipokwisha kupata walichotaka kwa Barghash, madai yake waliyaacha njiani. Alikuwa karata tu mezani kwao.

Sisemi kuwa tumfanye shujaa. Katika kitabu chake aliutetea utumwa, na hilo halina udhuru. Kuritadi kwake ni msiba, na hukumu yake iko kwa Mola wake. Lakini yeye mwenyewe alikiri kuwa ule Uislamu na Uarabu aliotoka nao kwao haukupata badala kamili huko alikokwenda. Baadaye aliishi miaka mingi Jaffa na Beirut, mahali ambapo angalau Kiarabu kilisikika. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg, na inaelezwa kuwa aliwekewa mchanga wa pwani ya Zanzibar.

Mtu anayezikwa na mchanga wa kwao hakuwa amekimbia gereza.

Mpwa wangu amesharudi masomoni. Kabla hajaondoka nilimwomba radhi kwa kimya changu, nikamtaka akitafute kitabu cha Salme mwenyewe, akisome kwa jicho la hadhari. Nanyi wazazi wenzangu nawaomba, wasimulieni mabinti zenu habari za wanawake wetu, walioongoka na walioteleza, kwani tusipowasimulia sisi watasimuliwa na wengine.

Wabillahi tawfiq.